Kumweleza Nafula Maji

Kama uko kwenye benchi ya kliniki sasa hivi, mtoto yuko mapajani, shingo yake haijashika na ngumi zake hazifunguki, na mtu wa pembeni anakutazama kwa huruma ambayo hukumwomba, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi ni baba. Nasema mapema kwa sababu niliulizwa kila mahali mama ya mtoto ameenda wapi. Mama yake alikuwapo, nyumbani Malaba, ameshonwa tumbo baada ya kujifungua na kidonda kinamsumbua. Kidonda kilipopona, kulikuwa na kitu kingine ndani yake kilichokataa kupona, na hicho nitakifikia.

Jambo la pili unalopaswa kujua ni kwamba mimi sina subira. Kazi yangu ni wakala wa forodha. Nakimbiza karatasi za malori kutoka ofisi hii hadi ile ili trela ivuke kuingia Uganda. Mtu wa kazi hii hakai. Ukikaa, mwenzako ameshapitisha gari lake na dereva wako anakutukana kwa simu. Kwa hivyo ugonjwa huu ulimpata mtu asiyefaa kabisa, maana sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kukaa na kungoja.

Nafula alizaliwa Aprili, mvua ikinyesha kila alasiri, na kwetu Wasamia msichana wa msimu wa mvua huitwa hivyo. Kwa wiki tatu alikuwa mtoto kama watoto wengine. Analia, ananyonya, anatunyima usingizi, sisi tunalalamika kwa furaha. Kisha ikaja homa, degedege ikafuata, na baada ya hapo siku ishirini na moja za wodini huko Busia. Walisema ni ile homa ya uti wa mgongo. Alidungwa sindano mpaka mishipa ya mikononi ikaisha, wakahamia kichwani, wakamnyoa upande mmoja. Nilijua saa kwa sindano. Ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, na katikati yake nilikuwa natembea kwenye varanda mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Tulitoka Juni, mahindi ya jirani yakiwa yamefika kiunoni. Mtoto tuliyerudi naye hakuwa yule tuliyempeleka. Hakulia tena. Macho yake yalikupita juu kwa juu, vile wewe unavyompita mtu usiyemjua sokoni. Mwili wake ulikaza. Ukimwinua, mgongo unajipinda kwenda nyuma, miguu inapishana kama mkasi, vidole gumba vimefichwa ndani ya ngumi. Kumvalisha fulana ilikuwa kazi ya watu wawili.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari wa wodi swali moja tu. Sikuuliza kama atatembea. Niliuliza kama atatujua. Daktari alikuwa mtu mkweli, akasema hawezi kuniambia, tungoje tuone. Swali hilo nililibeba miezi yote iliyofuata. Nililibeba kazini, kanisani, kwenye foleni ya dawa. Lilinila kilo kadhaa na likanifanya niwe mtu wa kufoka ovyo.

Mke wangu, Amoit, ni Mteso wa Amagoro, fundi wa kushona nguo. Kabla ya haya yote alikuwa mtu wa maneno. Akiwa kwenye cherehani, mteja alipewa habari ya mji mzima kabla gauni halijapata zipu. Tuliporudi kutoka wodini aliacha kabisa kuongea na mtoto. Alimnyonyesha, alimpa dawa asubuhi na jioni, alimbadilisha nepi, yote kwa uangalifu, yote kimya. Mimi nikimsemesha Nafula, Amoit ananitazama tu.

"Baba Nafula, unaongea na ukuta," aliniambia siku moja, taratibu tu, bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Agosti mama yangu alikuja kutoka Port Victoria. Ni mchuuzi wa samaki, amelea watoto saba na wajukuu nimesahau idadi, na wote wanamwita Kukhu, yaani nyanya. Alikaa kwetu siku mbili akimtazama Nafula bila kusema mengi. Siku ya tatu, baada ya chai, alitoa hukumu.

"Huyu mtoto nitachukua mimi. Krismasi nikikuja, narudi na yeye nyumbani. Nyinyi bado vijana, mtapata mwingine."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo liliniumiza. Niliona jinsi ingekuwa. Nafula kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anafukuziwa nzi, analishwa uji, anasifiwa kwa utulivu wake, basi. Nikasema hapana. Nikageuka ili Amoit naye aseme hapana. Amoit alikuwa anakunja nepi, na aliendelea kuzikunja.

"Krismasi," Kukhu akarudia, akaondoka.

Septemba tulipelekwa kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, huko huko Busia, kila Alhamisi. Korido ndefu, benchi mbili, akina mama kumi na tano, na mimi. Nilikuwa natembea kutoka dirisha hadi mlango na mtoto begani, napiga simu za kazi, natazama saa. Mama mmoja wa Nambale, aliyekuwa na mvulana mwenye shida kama yetu, hatimaye alichoka na mimi.

"Boss, kaa chini. Unatuzungusha kichwa."

"Siwezi kukaa, mama. Nikikaa namwona."

Alitoa leso yake, akamfunga Nafula kifuani kwangu kwa namna ambayo shingo ilipata pa kuegemea, akaniambia sasa tembea ukitaka, lakini polepole. Huyo alikuwa Mama Brayo. Leso hiyo hakuidai kwa miezi miwili, na mimi sikumbuki kama nilimshukuru siku ile.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada wa Lamu, kazi ilikuwa imemleta huku kwetu. Kila mtu alimwita Daktari Zuhura. Alikuwa na sauti ndogo, barakoa usoni, na Kiswahili laini cha pwani. Chumbani kwake kulikuwa na bafu la watoto, lakini siku hiyo bomba lilikuwa kavu, kwa hivyo zoezi la kumweka mtoto majini alinieleza kwa mdomo, Nafula akiwa kwenye godoro. Nje ya dirisha malori yalikuwa yanapanga foleni huku yakinguruma.

Masharti niliyasikia yote. Maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko cha mkono. Asiwe ametoka kunyonya. Siku akipata degedege, hakuna maji. Akianza kutetemeka, mtoe. Na usimwache hata kidogo, hata simu ikilia, hata nyumba ikiungua. Kisha akasema kile kilichokuwa muhimu kuliko vyote, na lori moja likapiga honi katikati ya maneno yake. Nilichosikia mimi ni hiki:

"Mkono chini ya kisogo. Usiwe na haraka. Muache aelewe. Akishaelewa, mwili utajilegeza wenyewe."

Nilisimama pale nikataka kumkumbatia. Muache aelewe. Kumbe kuna mtu anayeamini kwamba Nafula anaweza kuelewa, na ni mtu aliyesomea. Nilirudi Malaba nikiimba ndani ya gari na abiria wakajisogeza mbali nami. Lazima pia nikiri kwamba najiona bingwa wa Kiswahili, kwa kuwa kutwa nzima nazozana na madereva wa Mombasa. Haikunijia kwamba naweza kuwa nimesikia vibaya.

Nilitafuta pipa la plastiki la buluu kwa mfanyabiashara wa Uganda anayevusha juisi. Aliponiuliza la nini, nikamwambia la kuogeshea mtoto mgonjwa. "Kale, ssebo, haya bwana, chukua," akasema, akalisuuza yeye mwenyewe mara tatu. Nililipasua kwa urefu, nikafunika ukingo kwa tyubu ya baiskeli ili usimkate mtoto, nikaliweka uani. Kila jioni saa kumi na moja nilipasha maji kwenye jiko, nikaanza kumweleza.

Siku ya kwanza nilimlaza kama nilivyoambiwa, mkono chini ya kisogo. Alijipinda, uso ukakaribia maji. Nikamkalisha mara moja, nikamshika kwapani kwa mikono miwili, nikakaza. Nikaona hata hivyo ni bora, maana mtu humweleza mwenzake akiwa amekaa wanatazamana.

"Nafula, haya ni maji. Yametoka kisimani. Yalikuwa baridi, sasa yana joto kwa sababu ya jiko. Huu ni mguu wako. Huu ni mguu wako mwingine. Maji hayana neno na wewe."

Nilieleza maji mpaka maji yakaisha kuelezwa. Wiki ya tatu nilikuwa namweleza jinsi lori la ngano linavyovushwa mpaka, karatasi gani inaanza, ofisa gani ana kisirani asubuhi. Amoit alipita na ndoo, akasimama kidogo.

"Mtoto akipona atakuwa ejenti," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutania tangu Mei. Lakini alimtania mtu mzima. Kwa mtoto hakutupa hata jicho.

Kukhu alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. "Bado mnaweka mtoto kwa maji? Hiyo maji itamletea nyumonia. Wewe ngoja tu." Namwambia, mama, daktari ameagiza. Ananiuliza kama huyo daktari amezaa.

Wiki zikapita na Nafula akazidi kukaza. Ubavuni alikuwa na alama nyekundu za vidole vyangu. Magoti yangu yaliwaka kwa kupiga magoti kwenye saruji, mgongo wangu haukunyooka mpaka usiku, ngozi ya mikono ilichubuka. Na kila jioni nilimtazama usoni nikitafuta dalili kwamba ameelewa. Ilipofika mwisho wa Oktoba nilikuwa nimefika mahali pabaya. Nilikuwa nimeanza kumkasirikia. Mtoto wa miezi sita, mgonjwa, na mimi namkasirikia kwa sababu haelewi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu huenda nawe umelihisi na ukadhani wewe ni shetani peke yako.

Alhamisi ya wiki ya sita bomba la kliniki lilikuwa na maji. Daktari Zuhura akajaza bafu, akasema, "Haya, baba, nionyeshe mnavyofanya." Mama Brayo na mama mwingine walikuwa chumbani wakingoja zamu.

Nikamkalisha Nafula, nikamkaza kwapani, nikaanza. "Nafula, haya ni maji."

Daktari alingoja. Akangoja tena. "Sasa mbona humuachi aelee?"

"Namweleza kila siku, daktari. Bado."

"Unamweleza nini?"

"Maji."

Alivuta barakoa chini nikaona mdomo wake wote kwa mara ya kwanza. "Baba Nafula, mimi nilisema nini?"

"Ulisema muache aelewe. Akishaelewa, mwili utalegea."

"Aelee," alisema, akilitamka polepole. "Kuelea. Juu ya maji. Kama jani."

Mama Brayo ndiye aliyeanza. "Daktari, si ungesema tu afloti. Huku kwetu ni kufloti. Hiyo yako ya kuelea nani anajua?" Yule mama mwingine akaanza kucheka, akaficha uso kwenye shali, Mama Brayo akafuata, na daktari naye akashindwa kujizuia. Mimi nilicheka pia, halafu nikajikuta nalia, na mikono yangu yote miwili imemshika mtoto kwa hivyo sikuweza hata kujifuta. Mama Brayo alinifuta kwa ncha ya leso.

Nilimuuliza daktari kama nimemharibu. Alisema sikumharibu, lakini wiki sita ni nyingi kwa mwili mdogo, na kwamba kumkaza vile kumemfundisha kukaza zaidi. Nilimheshimu kwa kutonidanganya. Kisha akaweka mkono wangu wa kushoto chini ya kisogo cha Nafula na kuniambia nifungue vidole, ajilaze juu yake. Mkono wa kulia chini ya kiuno, wazi. Masikio yaingie majini, hayana ubaya, uso tu ndio ubaki juu. Nafula alijipinda. Nilitaka kumnyakua. "Usimkamate," alisema daktari. "Ngoja." Nilihesabu kimoyomoyo kama ninavyohesabu magari langoni. Nikiwa karibu na arubaini, mgongo wake ulishuka. Kisha mabega. Uzito wake ukaniacha mikononi, maji yakaubeba, na miguu yake ikaachana.

Sikuwahi kuona miguu ya mtoto wangu ikiwa imeachana tangu wodini.

Novemba yote, mvua za mwisho wa mwaka zikitukimbiza uani, nilimwacha aelee. Sikuongea tena. Niliona aibu, na pia masikio yake yalikuwa chini ya maji, ningekuwa namsemesha nani? Nilifanya kazi kimya kama Amoit. Na mwili ulitii. Jumanne moja kidole gumba cha kulia kilitoka ndani ya ngumi. Kabla ya Desemba miguu ilianza kupiga maji kwa nguvu, mimi nalowa mpaka kifuani. Nikamwambia daktari, akafurahi, akaandika. Lakini macho yake bado yalinipita ninapomvalisha nguo, na lile swali langu la wodini lilikuwa palepale.

Nikwambie mapema ya mwili ili usingoje muujiza. Leo Nafula ana miaka miwili na nusu. Anakaa mwenyewe. Anasimama akishika kiti. Mguu mmoja bado mkaidi, anatumia dawa, na zipo siku mbaya ambazo nepi, degedege na kazi vinakuja pamoja. Maji hayakumponya. Yalimpa nafasi ya kupumzika ndani ya mwili wake, na mazoezi yakapata pa kuanzia. Fanya na mtu anayejua, muombe akuonyeshe kwa mikono, na rudia maneno yake mbele yake kabla hujaondoka. Hilo la mwisho nimelilipia.

Siku mbili kabla ya Krismasi Kukhu alifika na begi kubwa lisilo na kitu. Hakuna aliyeuliza la nini. Mchana niliona Amoit anapanga fulana za Nafula kitandani, ndogo juu ya ndogo. Nilienda uani nikapasha maji mapema kuliko kawaida. Kukhu alivuta kigoda akaketi kando ya pipa.

"Wacha nione hii kitu yenu."

Nilimlaza Nafula majini. Akaelea. Akaanza kupiga miguu, maji yakamrukia Kukhu, Kukhu hakusogea. Alikuwa amemwinamia, anamtazama usoni tu, jinsi anavyomtazama samaki kabla ya kumnunua.

"Mbona anapiga hivi?"

"Ni mazoezi, mama. Siku hizi anapiga hivyo kila siku."

"Hapana. Angalia macho. Hiyo macho iko kwa mdomo yako." Akanigusa bega. "Wewe ulikuwa unaongea na yeye?"

"Zamani. Niliacha."

"Ongea."

Nikasema lile nililolizoea. "Nafula, haya ni maji."

Miguu ikatulia. Yote miwili, papo hapo. Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, hayakupita. Nilinyamaza. Akaanza kupiga tena, kwa nguvu, uso umekunjamana. Nikasema habari ya jiko. Akatulia. Nikanyamaza. Akapiga.

"Anakuitisha maneno," alisema Kukhu. "Mwezi mzima mtoto anaitisha na wewe umenyamaza tu."

Sikumwita Amoit, lakini alikuwa ameshafika mlangoni na fulana mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Alikuja akapiga magoti upande wa pili wa pipa, akaiweka fulana chini kwenye saruji iliyolowa, akainama karibu sana na maji. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga. Nafula alikuwa anapiga miguu.

"Nafula," alisema Amoit. "Ni mimi. Ni mama."

Miguu ilisimama. Kichwa kiligeuka juu ya kiganja changu, kidogo, kizito, kikamtafuta mpaka kikampata.

Kukhu aliinuka, akajipangusa maji usoni kwa mkono. "Sasa huyu nipeleke Port Victoria akaongee na nani?" aliuliza.

Amoit alikuwa ameshaanza kumweleza Nafula habari ya mteja mmoja wa Amagoro, mwenye gauni ambalo mikono yake ilikataa kukaa sawa, na jinsi alivyolifumua mara tatu.